Nilivyomlinda Mama Mkwe Asile

Mama mkwe wangu alipovunjika nyonga, katika ukoo mzima wa mke wangu ni mimi peke yangu niliyekuwa sina kazi. Kura iliniangukia bila kupigwa.

Ilikuwa ile miaka ya tisini ambapo viwanda vya Nairobi vilikuwa vikipunguza watu kama mtu anayepunguza ua wa michongoma. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni. Asubuhi moja tulikusanywa uwanjani, meneja akatushukuru sana kwa bidii yetu, nami nikapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Nilipofika nyumbani Mowlem, nikimsimulia mke wangu jinsi tulivyosifiwa, ndipo nilipoelewa kwamba zile shukrani zilikuwa za kwaheri. Nimekuwa hivyo tangu utotoni. Neno huniingia sikioni leo, likafika kichwani kesho kutwa.

Mke wangu alikuwa ametoka kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Hospitali haikuruhusu watoto wachanga wodini, na mtoto naye hakumruhusu mama yake kwenda popote bila yeye. Kaka zake walikuwa kwao magharibi, wakiangalia shamba na ng'ombe. Mama yao aliteleza kwenye matope akitoka kisimani, hospitali ya huko ikamtazama, ikaona hilo jambo ni kubwa, ikamtuma Nairobi. Alilazwa katika hospitali moja ya serikali, wodi ya akina mama, mguu umefungwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo mwisho wa kitanda, na mfuko wa mchanga ukining'inia upande wa pili kuuvuta. Aliambiwa alale chali, asigeuke, asubiri zamu yake ya kupasuliwa.

Nilikuwa nimekutana naye siku ya kupeleka mahari tu, kama kule kunaweza kuitwa kukutana. Alinisalimia kutoka jikoni, ukuta ukiwa kati yetu. Baadaye alipita uani amejitanda kitenge usoni, akiharakisha kama mtu anayekimbia mvua. Niliamua kwamba hanipendi, na sababu niliijua: ile suti ya kijani niliyoazima. Nilirudi Nairobi nikiwa nimeichukia suti ile, wala sikumwuliza mtu yeyote kitu chochote.

Niseme kidogo juu ya malezi yangu, si kwa kujitetea. Nilizaliwa Muthurwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yangu alitoka upande mmoja wa nchi na mama yangu upande mwingine, nao walikubaliana mapema wasizungumze habari za mila nyumbani ili wasipigane. Nilikua nikijua ratiba ya treni zote na sijui desturi hata moja.

Siku ya kwanza nilipotumwa hospitali, mke wangu alinifungia uji wa wimbi kwenye thamosi, na wali laini na ndengu kwenye bakuli lenye kifuniko, akavizungushia taulo vikae na moto. Akaniambia, "Baba mtoto, ukifika mpe sista, au mama yeyote wa kitanda cha jirani. Msalimie mama kwa mbali, halafu utoke. Usikae."

"Nisikae?"

"Usikae."

Mtoto akaanza kulia, naye akageuka. Njiani niliyatafakari maneno yale, nikaona nimeyaelewa barabara. Mke wangu aliogopa nitamchosha mgonjwa kwa maneno mengi, na kwa kweli alikuwa na sababu ya kuogopa. Basi nikaazimia kukaa kimya. Lakini kuondoka nikamwacha mama wa watu na chakula chake peke yake? Mimi si mtu wa kuacha kazi nusu.

Nilivuta kiti, nikafunua bakuli, nikaketi kando ya kichwa chake.

"Mama, chakula."

Alivuta shuka mpaka puani, akageuzia uso ukutani. "Asante, baba. Weka hapo. Nitakula."

"Kula sasa kingali na moto."

"Nitakula, baba."

Nilingoja. Nilikaa mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha studio, nikimtazama kwa upole niliouona unafaa. Yeye aliutazama ukuta. Saa za kuwaona wagonjwa zilipokwisha na askari akaanza kututoa, niliweka bakuli juu ya kabati dogo, nikaenda zangu. Kesho yake nilikuta bakuli tupu, limeoshwa vizuri. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

"Amekula," nilimwambia mke wangu.

"Chote?"

"Amemaliza kabisa."

Na siku zikaenda hivyo. Chakula cha hospitali pia kilipita, nami nilikiona kikipita. Mgawaji aliweka sahani ya ugali na kabichi juu ya kabati, nyuma kidogo ya kichwa cha mama, mahali ambapo mtu aliyelazwa chali na kufungwa mguu angehitaji mkono mrefu kama shingo ya twiga kuifikia. Baada ya muda aliirudia sahani, akaikuta vile vile, akasema, "Huyu hana hamu," akaiondoa. Siku nyingine mama aliambiwa asionje kitu tangu alfajiri kwa sababu zamu yake ya kupasuliwa imefika. Ikifika alasiri wanasema waliopata ajali wamejaza chumba cha upasuaji, angoje tena, na wakati huo chakula cha mchana kimekwishagawiwa na masufuria yameoshwa. Hayo yote niliyaona kama mtu anavyoona mvua ikinyesha mtaa wa pili. Kazi yangu mimi ilikuwa bakuli, na bakuli lilikuwa linaisha.

Ndipo sista mkuu wa wodi aliponiita kwenye korido. Alikuwa mwanamke wa umbo kubwa na sauti ndogo, ukilazimika kumwinamia umsikie.

"Wewe ni mtoto wa yule mama?"

"Mimi ni mkwe."

"Mama yako anaisha. Umeutazama mkono wake?"

Sikuwa nimeutazama. Aliunganisha kidole gumba na cha kati, akanionyesha tundu lililobaki. "Mzee akilala kitandani bila kula haendi polepole kama kijana. Nyama inamtoka, ngozi ya mgongo inachubuka, kikohozi kinamvamia. Hata zamu yake ikifika leo, daktari atamwogopa. Hana nguvu za kupasuliwa."

"Lakini sista, anakula! Bakuli..."

"Mimi sijui habari za bakuli. Ninajua mwili. Na tuko wachache hapa, siwezi kumkalia kila mmoja. Wewe unakuja kila siku. Hakikisha amekula."

Maneno hayo mawili niliyabeba kama askari aliyepewa amri. Hakikisha amekula. Nilirudi kitandani, nikasogeza kiti karibu zaidi, nikainama mbele, viwiko juu ya godoro. Kama kabla ya hapo nilikuwa nikimtazama, sasa nilimlinda. Maskini yule mama alifunika na macho pia.

Nyumbani nilitafuta kosa, na nikalipata upesi katika mapishi ya mke wangu. Nilijaribu kulisema kwa busara.

"Nadhani mama anahitaji chakula cha kwao."

"Mimi ninatoka kwao," alisema mke wangu. Alikuwa ananyonyesha, hajalala vizuri tangu mtoto azaliwe.

"Ndiyo, lakini umekaa sana mjini."

Alinitazama kwa muda kama mtu anayetazama nguo aliyoinunua kwa bei ghali ikachuja rangi. "Basi pika wewe," akasema.

Nikapika mimi. Niliamua kupika mrenda, kwa kuwa nilikuwa nimesikia watu wa magharibi wakiusifu, na kwa kuwa unateleza wenyewe kooni. Niliununua kando ya barabara kwa mama mmoja muuza mboga, mtu wa kwao.

"Unampikia nani?" aliniuliza akifunga fungu.

"Mama mkwe. Amelazwa."

"Wewe mwenyewe utapika?"

"Nitapika, nimpelekee, nimkalie mpaka amalize."

Alicheka mpaka akaishika meza. "Na atakula?"

"Hapo ndipo kazi ilipo," nilisema. Alicheka tena, akaniongezea fungu la bure. Niliondoka nikifikiri amefurahi kuona mwanamume wa kisasa.

Yeyote aliyewahi kupika mrenda anajua kwamba una adabu zake. Mimi sikuzijua. Niliuchemsha, nikauona mwepesi, nikauchemsha tena, nikatia magadi, nikakoroga, nikatia magadi mengine. Nilipoumimina kwenye bakuli, uzi mrefu ulibaki kati ya bakuli na sufuria, nikaukata kwa kisu. Ulijiunga tena. Mke wangu alitazama yote hayo kutoka kitandani, mdomo ameubana. Nilimwona mabega yakimtikisika nikadhani mtoto anamcheulia.

Wodini siku hiyo kila aliyeweza kuinua kichwa alikiinua. Nilichota kijiko, nikakipandisha, na mrenda nao ukapanda pamoja nacho bila kuachana na bakuli. Niliinua mkono. Niliinuka kitini. Mwishowe nilikuwa nimesimama wima, kijiko juu kama mtu anayepandisha bendera, na uzi ule bado uko.

"Mama," nilisema kutoka huko juu, "onja kidogo tu."

Mama mkwe alijifunika gubigubi, akawa anakoroma. Ni jambo la kutisha kuona mtu mzima, mwenye wajukuu, akilazimika kujifanya amelala.

"Mwanangu," sauti ilisema nyuma yangu. "Kiweke chini hicho kijiko, uje hapa."

Ilikuwa sauti ya bibi wa kitanda cha pili, Mwislamu mmoja mzaliwa wa Pumwani, aliyelazwa kwa kidonda cha mguu kilichosababishwa na sukari. Siku zote tulikuwa tukisalimiana, naye alikuwa akinijibu kwa ukarimu wa pekee. Nilikwenda, nikasimama mbele yake.

"Umesomea nini?" aliniuliza.

"Ukarani."

"Basi. Nilidhani umesomea ukaidi. Yule ni nani wako?"

"Mama mkwe."

"Na kwao, mama mkwe hula mbele ya mkwewe?"

Niligeuka, nikakitazama kitanda cha mama.

"Mimi si mtu wa kwao," aliendelea, "lakini nimeishi na watu wa kwao ukuta kwa ukuta tangu sijaolewa. Hali mbele yako. Hafungui kinywa mbele yako. Kukaa kwako pale ni kama umemziba mdomo kwa kiganja. Kila siku unakuja, unamziba, unakwenda nyumbani."

"Lakini bibi, bakuli linarudi tupu!"

"Mimi ndiye ninayekula."

Aliyasema hayo bila kuona haya hata kidogo.

"Ukishaondoka chakula kimepoa. Yeye kalala chali, mkono hautulii, akijaribu kula kinamwagikia kifuani. Basi ananiambia, dada, kula wewe, huyu kijana asije akakuta kimebaki akajisikia vibaya. Nami nikala. Na wali wako umenipandisha sukari, daktari kila asubuhi anashangaa inatoka wapi."

"Mbona hukuniambia mapema?"

Alifikiri. "Nilikuhurumia," akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akaongeza, "Na ndengu zilikuwa nzuri."

Nilirudi Mowlem na mrenda wangu. Nilimweleza mke wangu yote, nikiwa nimesimama mlangoni kwa sababu sikuona kama ninastahili kuketi.

"Nilikuambia usikae," alisema.

"Nilidhani..."

"Ulidhani."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtoto akaamka, akacheka huku akimbembeleza, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, na kicheko kikaisha machozi yakabaki. Mama yake alikuwa amelala njaa siku zote zile kwa ajili ya heshima, na kwa ajili ya kutoniudhi mimi. Niliketi kando yake. Nikampokea mtoto ili apate kufuta machozi.

Tangu siku ile nilifanya kama nilivyoambiwa mwanzoni. Nilifika, nikasalimia kwa mbali macho chini, nikamkabidhi bibi wa Pumwani chakula, nikatoka kwenye korido. Bibi alihamia kwenye kiti kando ya mama, mguu wake wenye bandeji ameutandaza juu ya kiti kingine, akamlisha. Nami nikawa nikisikiliza kutoka nje kama mtu anayefuatilia mpira redioni.

"Haya dada, fungua. Umeze. Bado. Huyo mkweo amesimama huko kama nguzo, meza asije akaingia."

Na mama alimeza. Si kingi, lakini alimeza. Bibi naye sukari ilishuka, daktari akafurahi, akampa ruhusa ya kwenda nyumbani. Hilo sikulitegemea. Siku niliyoingia nikakuta kitanda cha jirani kimetandikwa shuka mpya, nilihisi kama mtu aliyefutwa kazi mara ya pili.

Kitanda kile kililetewa mgonjwa asiyejifahamu. Wa upande mwingine alikuwa haoni. Sista alikuwa peke yake mchana ule akikimbia huku na huku, nami niliona aibu kumsimamisha. Chakula cha hospitali kilikuwa juu ya kabati, hakijaguswa. Midomo ya mama ilikuwa imekauka, na mkono wake uliokuwa juu ya shuka, safari hii niliutazama. Sista hakuwa ametia chumvi.

Niliwaza mpaka nikapata wazo, na ole wa watu ninapopata wazo. Niligeuza kiti, nikaketi nimempa mama mgongo, uso wangu dirishani. "Mama," nilisema, "mimi sikuoni. Fungua tu." Nikachota uji, nikapitisha kijiko nyuma juu ya bega langu.

Kijiko cha kwanza kiliingia sikioni mwake. Cha pili kilipata kidevu. Cha tatu kilimwagika chote shingoni, na hapo nikasikia sauti nyembamba ambayo sikuitambua, ikikatika na kuanza tena. Niliogopa nimempalia. Kumbe alikuwa anacheka.

"Baba," alisema. "Geuka."

"Mama, mila..."

"Mila ni yangu. Wewe umeijua juzi."

Niligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake wote. Alikuwa anafanana na mke wangu kuliko nilivyotarajia, hasa kule kunitazama kama nguo iliyochuja rangi.

"Nimelala hapa nikifikiri," alisema polepole, akipumzika kati ya maneno. "Nikifa kwa njaa, nyumbani watasema nilikuwa mama mwenye heshima. Watasema hivyo huku wanakula ng'ombe wangu. Kwetu kuna njia ya kuondoa haya kati ya mama na mkwe. Mkwe analeta kitu, mama anatoa kitu, wazee wanaona, watu wanakula pamoja. Sasa wazee wako mbali. Wewe una nini?"

Nilijipapasa. Sikuwa na kitu ila nguo nilizovaa. Nilivua sweta yangu ya kijivu, iliyotoboka kiwiko kimoja, nikampa kwa mikono miwili. Aliipokea, akaitandaza kifuani, akalipapasa lile tundu kwa kidole.

"Mke wako hajui kushona?" aliuliza.

"Ana mtoto, mama."

"Haya. Mwite sista."

Sista alikuja na sinia yake ya dawa akidhani mtu amezidiwa. Mama mkwe alimwambia, "Wewe leo ndiwe mzee wetu. Simama hapo uone." Kisha akaingiza mkono chini ya mto, akatoa yai la kuchemsha alilogawiwa asubuhi, ambalo hakuweza kulimenya kwa vile vidole vyake vinavyotetemeka. Akanipa.

"Kula mbele yangu," aliniamuru. "Nikuone."

Nimewahi kula mbele ya watu wengi. Nimekula harusini, nimekula kiwandani tukiwa watu mia moja kwenye benchi. Lakini sijawahi kutazamwa nikila kama nilivyotazamwa siku ile. Nilimenya lile yai maganda yakinidondokea miguuni. Niliuma nusu nzima kwa haraka ili jambo liishe, na kiini kikavu kikanikwama kooni kama udongo. Nilikohoa. Nilizidi kukohoa. Macho yalinitoka. Sista aliweka sinia chini, akanigonga mgongoni kwa ule mkono wake mzito, akanipa maji ya mgonjwa.

"Hapa mgonjwa ni nani?" aliuliza kwa sauti yake ndogo.

"Meza," alisema mama mkwe. "Kumbe ndivyo ilivyo. Si rahisi."

Nilimeza. Kisha nikachukua thamosi, nikamimina uji, na nikamlisha. Vijiko vya kwanza alivipokea amefumba macho, nami nikikinga matone kwa kiganja. Baadaye aliyafumbua, akaendelea kula akinitazama usoni, kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kupanga. Alimaliza kikombe. Sista alisimama pale mpaka mwisho, na dawa za watu zikachelewa.

Sista yule ndiye aliyenifundisha mengine, akipita pita kazini kwake. Alinionyesha jinsi ya kumwinua kichwa na mabega kwa mito bila kuugusa mguu. Aliniambia nisimletee bakuli kubwa la kumtisha, nimlishe kidogo kidogo, na uji niuchanganye na maziwa. Kikombe niliambiwa nikiweke upande wa mkono wenye nguvu. Na siku ya kungojea kupasuliwa, nimwombe mgawaji amfichie sahani, ili zamu ikiahirishwa kuwe na kitu. Nilishangaa kwamba maisha ya mtu yanaweza kutegemea mahali kikombe kilipowekwa.

Bila shaka elimu hiyo ilinipanda kichwani. Nilianza kupita kitanda hadi kitanda nikiwauliza wazee wa watu kama wamekula. Nilisogeza vikombe ambavyo havikuwa vyangu. Niliwapa jamaa za wagonjwa mawaidha marefu juu ya mito. Wodini waliniita Bwana Kijiko, na nilidhani ni cheo mpaka mama mmoja aliyekuwa na meno yake yote na nguvu zake zote aliponinyang'anya sahani yake, akaniambia nimwache ale kwa amani. "Wewe, kwani kwako hakuna kazi?" aliuliza. Sikuwa nayo, lakini sikuona haja ya kumwambia.

Mama alirudiwa na nyama kidogo mikononi. Zamu yake ilipofika kweli, daktari hakumwogopa. Alipasuliwa, akatiwa chuma, akaanza kusimamishwa, akaanza kunikosoa. Uji una mabonge. Ndengu hazikuiva. Mrenda alinieleza jinsi ulivyopaswa kupikwa, hatua kwa hatua, na akaniomba nisijaribu tena.

Siku ya kuruhusiwa ilipofika nilikodi teksi, nikamleta Mowlem kwenye chumba chetu kimoja, kilichogawanywa kwa pazia. Mke wangu na mama yake walikumbatiana wakalia, mtoto akalia kwa kuwaunga mkono. Mama alimpakata mjukuu wake, akakitazama chumba, akalitazama pazia, akanitazama mimi.

"Na wewe unalala wapi?" aliuliza.

"Hapa hapa, mama. Nyuma ya pazia. Si tuliondoa yale mambo?"

"Tuliondoa ya kula," alisema. "Ya kulala hatujaondoa."

Kwa hiyo nilihamia Umoja, kwa rafiki yangu niliyefutwa naye kazi, kitanda kifupi, miguu yangu ikilala nje. Kila asubuhi nilirudi kwa miguu mpaka Mowlem, nikabisha mlango wangu mwenyewe, nikangoja nje mpaka niambiwe karibu. Ndipo nikaingia kupika uji. Majirani walinisalimia kwa sauti za chini za msibani. Hawakuchelewa kuelewa mambo kama mimi: mtu amefutwa kazi, mama mkwe amekuja, mtu amefukuzwa. Nilijaribu kuwaeleza na nikaona jinsi walivyokuwa wakinihurumia zaidi. Mpaka mchungaji wetu alikuja Jumapili moja na wazee wa kanisa kutupatanisha. Mama mkwe aliwakaribisha, akawasikiliza mpaka mwisho wa sala, kisha akawaambia, "Huyu hana neno. Ni mzito tu wa kuelewa. Lakini akishaelewa, analisha vizuri." Wazee waliandamana kwenda zao wakiwa hawajui kama wamefaulu.

Alikaa nasi mpaka mvua zikaisha na akaweza kutembea na mkongojo kutoka mlangoni hadi kwenye bomba la maji. Kaka mmoja wa mke wangu alikuja kumchukua. Asubuhi ya safari nilimfungia mayai na chapati, naye akala yai moja pale pale akiwa amesimama, mbele yangu na mbele ya mwanawe, ambaye alishtuka akatazama pembeni. Mama hakumjali. Alifuta mikono, akapanda gari.

Usiku ule nilirudi kulala nyuma ya pazia langu. Mtoto alikuwa amekwishazoea nafasi yangu, amelala mlalo katikati ya kitanda, na mke wangu akaniambia nisithubutu kumwamsha.